Dakika Tatu za Dordrecht

Sheria ya mashindano ni fupi kuliko kamba ya kiatu:
wimbo usizidi dakika tatu.
Nami ni mtu wa daraja. Dakika nazijua.
Daraja langu hupanda kwa mbili na nusu,
hushuka kwa mbili na nusu,
na katikati kuna muda wa chombo kupita,
muda wa mtu kuwasha sigara, kulaani, kusamehe.
Mji mzima kwa dakika tatu?
Hata kizuizi hakijanyanyuka.

Maneno niliyaandika zamu ya usiku
nyuma ya karatasi ya kusajili vyombo,
baada ya kimoja cha mchanga
na kabla ya kimoja cha viazi.
Niliandika mito mitatu inayokutana mbele ya dirisha langu
kama wakwe wasiopendana:
hupeana mkono haraka, kisha kila mmoja na njia yake.
Niliandika mnara wa kanisa
ulioanza safari ya juu, ukaghairi, ukainama
kama mtu anayetafuta ufunguo aliouangusha.
Niliandika harufu ya biskuti siku za upepo wa mashariki,
na ya tope siku zilizobaki.
Nilimwandika Aagje, mke wangu,
asemaye "hapa" pale wengine wasemapo "Dordrecht".

Hilversum walishukuru kwa barua. Wakakata.
Tope likatoka.
Biskuti zikatoka, eti ni tangazo la biashara.
Aagje akatoka, hakuwa na kina.
Wakaingiza tulipu.
Sisi hatulimi tulipu, tunapakua kokoto!
Lakini Ulaya, walisema, inapenda ua inalolijua.

Mwimbaji alikuwa Jacomina, binti wa muuza rangi,
mwenye sauti ya kusukuma mlango uliovimba kwa mvua.
Yeye simlaumu. Alipewa alichopewa.

Usiku wenyewe nilikuwa kazini.
Barabara tupu, kila dirisha na mwanga wake wa buluu,
mapazia wazi, kama ilivyo desturi yetu,
na kutoka kibandani niliwaona akina Jacomina kumi na wawili
katika nyumba kumi na mbili
wakiinua mkono mmoja kwa pamoja.
Ndipo honi ikalia: ndefu, fupi, ndefu.
Tishali la Duisburg. Halijui mashindano.
Nikagonga kengele, nikashusha vizuizi,
nikawazuia watu wawili tu,
kijana na baiskeli yake, na mwanamke aliyebeba keki
akichelewa sebule ya mtu.
Daraja likasimama wima.
Na humo chini, katika chumba cha nahodha, redio:
wimbo wangu ukinipita miguuni kwa mwendo wa konokono,
ukaingia kaskazini na tulipu zake zote
ukatokea kusini
umebaki sauti, maneno yamezama.
Hivyo ulikuwa mzuri.
Mwanamke wa keki alitikisa kichwa kwa mahadhi.
Kijana alitazama saa.

Ureno ilitupa mbili. Finlandi moja.
Ubelgiji, majirani wa ukuta kwa ukuta,
walitutakia jioni njema, basi.

Jumanne Jacomina akarudi kwa treni,
akateremka kwa miguu hadi mtoni, akakuta daraja liko juu.
Sikumpendelea. Alingoja kama wengine,
sanduku chini, nguo ya jukwaani ikining'inia begani
ndani ya mfuko wa dobi.
Krijn, muuza heringi, akamchunia samaki,
akamnyunyizia vitunguu,
akaisukuma nyuma sarafu yake kwa kidole chenye magamba.
Mcheza kwao hutunzwa,
hata kama tunzo lina mkia.
Alikula kichwa amekirudisha nyuma, macho mbinguni,
na alipomaliza akaniona.
"Teunis! Ule mstari wa biskuti,
ulikuwa unasemaje?"

Nikafungua dirisha.
Upepo ulikuwa wa mashariki.
Nikamwonyesha pua.